Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Khabari ya Samaki na Taka za Mwili Wake

Ndugu wanachama hawakusahau khabari ya bwawa letu la samaki. Bwawa lile lilichimbwa kwa fedha za hisa za wanachama, chini bondeni, ili mwaka wa karafuu ukiwa mbaya tupate kitoweo na senti mbili tatu za kusogezea siku. Tulitia perege, wakakua vyema kwa miezi mitano. Kisha alfajiri moja ya kiangazi mlinzi alitugongea mlango akasema samaki wanaelea. Tulipofika bondeni jua lilikuwa halijapanda, na maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki.

Kamati ilikutana siku ile ile, na neno la kwanza lililotajwa lilikuwa utupa. Kwetu hakuna asiyeujua mti ule, jinsi unavyopondwa na kutiwa majini ukalevya samaki wote. Jioni ya jana yake kijana mmoja jirani alikuwa ameonekana akipita ukingoni mwa bwawa. Hakuna aliyemwona akitia kitu. Hata hivyo alikatazwa kuchuma katika mashamba ya wanachama msimu ule mzima, na sisi tunaoandika haya, kwa kuwa ndio Katibu, tuliuandika uamuzi ule kwa mkono wetu.

Makala hii tunaiandika kwa sababu uamuzi ule haukuwa wa haki. Na mahali tulipofahamishwa kosa letu ni mbali sana na bahari: ni Dodoma.

SAFARI YA BARA

Mwezi wa Agosti uliopita chama kilitutuma pamoja na wajumbe wawili kwenda kuangalia maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2024. Mtu wa Pemba akifika Ugogo kwanza hushangazwa na ukavu. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote hunyesha baina ya Disemba na Aprili. Kwetu hunyesha zaidi ya mara tatu ya hiyo. Upepo hutimua vumbi, mibuyu husimama mitupu, na mito mingi ni mchanga mtupu.

Tulidhani katika nchi kama ile habari ya samaki haipo. Kumbe ipo. Magharibi ya Dodoma liko ziwa la Bahi, ambalo wengine huliita mbuga, maana mwaka mmoja ni maji na mwaka mwingine ni ardhi iliyopasuka. Mto Bubu huleta maji kutoka upande wa Kondoa, na maji yale hayana njia ya kwendea baharini. Hukaa pale mpaka jua liyanyonye. Kambale na perege wa Bahi wamelisha watu miaka mingi. Upande wa kaskazini-mashariki liko bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, nalo pia lina wavuvi wake.

Karibu na Hombolo tulipelekwa kwa mzee mmoja wa Kigogo anayefuga samaki katika mabwawa madogo nyuma ya nyumba yake. Tulimwamkia kwa neno tulilofunzwa njiani, "Mbukwenyi," akacheka, akatukaribisha kivulini. Tulipomsimulia msiba wetu hakuuliza khabari ya adui yeyote. Aliuliza maswali matatu tu.

"Bwana Katibu, mlikuwa mkiwalisha mara ngapi?"

Tukamjibu: mara tatu kwa siku, pumba na mashudu, na tulipoona wamenyong'onyea tukaongeza.

"Maji yalikuwa yakiingia na kutoka?"

Tukamwambia tuliuziba mfereji wa kutokea, samaki wasitoroke.

"Na kabla ya kufa, mliwaona alfajiri wakija juu na kutweta?"

Hapo tulinyamaza. Mlinzi wetu alikuwa ametuletea khabari ile siku saba nzima, kwamba kila alfajiri samaki wanapanda juu wakifunua midomo. Sisi tulisema wana njaa.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi wageni wangu, hao hawakulishwa sumu na mtu. Wamekufa kwa choo chao wenyewe."

TAKA ISIYOONEKANA

Maneno yale tuliyafuata kwa kuuliza zaidi kwa mabwana samaki pale Nzuguni na kwa kusoma tuliporudi, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Kila mnyama hula, na kila alaye hubakiwa na taka. Taka moja ni kinyesi, nacho ni mabaki ya chakula kisichosagika tumboni. Hicho kila mtu akijua. Lakini iko taka ya pili isiyoonekana. Chakula cha kujenga mwili, kama vile dagaa, kunde au mashudu, kinapotumika mwilini huacha sumu iitwayo amonia. Harufu yake mwaijua: ndiyo ile inayopanda puani ukifungua banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Amonia ikizidi katika damu huua, na kila mnyama hana budi kuitoa.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuiachia majini, na ndiyo njia ya samaki. Wengi hudhani samaki hutoa taka zote kwa nyuma kama sisi, na sivyo. Sehemu kubwa ya amonia yake hutokea kwenye matamvua, yale mekundu yaliyo chini ya shavu, pale pale anapovutia hewa ya oksijeni. Damu hupita karibu sana na maji, amonia ikatoka, oksijeni ikaingia. Samaki hana gharama yoyote, ila ahitaji jambo moja: maji mengi, yenye kuichukua sumu ile na kuipeleka mbali.

Ama mkojo, samaki anao, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Samaki wa maji baridi, kama perege, mwili wake una chumvi kuliko maji aliyomo, kwa hivyo maji humwingia mchana na usiku bila ya kunywa. Figo zake hufanya kazi ya mtu anayekumba maji katika ngalawa inayovuja: hutoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji. Samaki wa baharini, kama changu, shida yake ni kinyume. Bahari humnyonya maji. Yeye hunywa maji ya chumvi, chumvi ikatolewa kwa matamvua, na mkojo wake ni mchache.

MAJI YAKIADIMIKA

Sasa mtu atauliza: ikiwa samaki ategemea maji mengi kumwondolea sumu, itakuwaje katika nchi ambayo maji huondoka kila mwaka? Jawabu lake ndilo lililotufanya tuikumbuke safari hii kuliko maonyesho yote.

Mnyama asiye na maji ya kutosha huigeuza ile amonia kuwa kitu kisicho na ukali. Ini lake hutengeneza yurea. Wanachama wanaijua yurea, ndiyo hiyo hiyo inayouzwa madukani katika viroba kuwa mbolea. Yurea yaweza kukaa mwilini bila ya kudhuru upesi, na mkojo kidogo watosha kuitoa. Sisi wanadamu twatumia njia hiyo, na ng'ombe, na mbuzi. Ndege na mjusi wamekwenda mbele zaidi: taka yao huwa kama chokaa nyeupe, haitaki maji ila kidogo sana. Ule weupe ulio juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wake. Lakini kila njia ya kuokoa maji ina bei yake, maana mwili hutumia nguvu kuigeuza sumu. Samaki hutoa bure. Sisi na kuku twalipa.

Mtazameni chura wa Dodoma. Mvua ya kwanza ikipiga, vidimbwi hujaa viluwiluwi. Kiluwiluwi huishi kama samaki, na hutoa amonia kama samaki. Akiota miguu na kupanda nchi kavu, ini lake huanza kutengeneza yurea. Mnyama mmoja hutumia njia mbili katika maisha yake, kwa kadiri ya maji aliyonayo.

Ajabu kubwa zaidi iko Ziwa Viktoria. Huko yuko samaki aitwaye kamongo, na wengine humwita kambare-mamba, mwenye mapafu pamoja na matamvua. Maji yakikauka hujichimbia topeni, akajikunja, akajifunga kwa ute ukakauka kama ngozi, akaacha tundu ndogo ya kuvutia pumzi. Mtaalamu wa Kimarekani, Homer Smith, aliyetumia maisha yake kuchungua kazi ya figo, aliwachungua kamongo wa huko, na mwaka 1930 akaeleza aliyoyaona. Kamongo akiwa majini hutoa amonia zaidi. Akiwa ndani ya udongo huacha kabisa kuitoa. Taka zake zote huzifanya yurea, na yurea ile huilimbikiza mwilini mwezi baada ya mwezi bila ya kukojoa hata tone. Siku maji yanaporejea, hutoka na kuimwaga. Angaliendelea kutengeneza amonia mle shimoni, angalikufa mapema kwa sumu yake mwenyewe.

Ndugu yake wa mbali kwa taabu ni perege mdogo wa Ziwa Magadi, Kenya, si mbali na mpaka wetu wa kaskazini. Maji ya ziwa lile ni magadi matupu, makali hata amonia haiwezi kutoka katika matamvua. Mwaka 1989 wataalamu walitangaza kwamba samaki huyu hutoa taka zake kwa yurea tu, jambo ambalo halikuwa limejulikana kwa samaki yeyote wa jinsi yake anayekaa majini siku zote.

Wala kwetu pwani hatukukosa mfano. Papa huiweka yurea katika damu yake kwa makusudi, ili bahari isimnyonye maji. Akifa, vijidudu huigeuza yurea ile kuwa amonia tena, na ndiyo sababu papa asipowahiwa kutiwa chumvi hunuka namna ile ambayo kila mama wa nyumba aijua. Kasa naye huitoa chumvi iliyozidi kwa tezi zilizo karibu na macho. Wanaomwona pwani wakati wa kutaga husema analia.

KIBOKO NA MTO RUAHA

Haya yote ni ya mnyama mmoja mmoja. Lakini mzee wa Hombolo alituonya kwamba yaliyotupata hayakuwa ya samaki peke yao, ni ya maji. Akatupa mfano wa kusini mwa Dodoma, kwenye njia ya Iringa, ambako bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, ili kupata umeme.

Juu ya mto ule wamo viboko wengi. Kiboko hula majani usiku katika nchi kavu, na mchana hurudi majini kupumzika. Huko ndiko hutoa haja yake, akiitawanya kwa mkia kama mtu apepetaye mpunga. Wazee katika sehemu nyingi za Afrika husimulia kwamba aliahidi kwa Mungu hatakula samaki, basi hutawanya kinyesi ili ionekane hamna miba. Ikiwa mto unakwenda, kinyesi kile ni neema: huchukuliwa mbali, hulisha wadudu, na wadudu hulisha samaki. Katika Mto Mara upande wa Kenya, viboko zaidi ya 4,000 walikadiriwa kutia majini tani 36 hivi za kinyesi kila siku, na mto bado una uhai.

Lakini Ruaha Mkuu, ambao zamani ulikwenda mwaka mzima, tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu ya hifadhi, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa juu kwa kilimo. Mto ukikatika hubaki madimbwi, na viboko wote hukusanyika humo. Wataalamu waliochungua sehemu ile walieleza mwaka 2018 kwamba katika madimbwi hayo kinyesi hulimbikizana, oksijeni ikapungua mno, na samaki wakapungua kwa idadi na kwa jinsi. Kiboko hakubadilika, na kinyesi chake ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba maji yamesimama. Ile iliyokuwa neema imekuwa sumu.

Tulipoyasikia haya tulikumbuka somo la chuoni. Sote tulifundishwa tungali wadogo kwamba maji machache hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, na kwamba maji yaliyotimia kulateni, yaani lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hapa hatusemi hukumu ya bwawa la samaki. Hiyo ni kazi ya masheikh. Twasema tu kwamba tangu utotoni tulifundishwa kuyatazama maji kwa wingi wake, na bondeni kwetu tulisahau. Na amonia ina ubaya mmoja zaidi: yaweza kuua samaki hali maji hayajabadilika rangi.

LILILOLIPATA BWAWA LETU

Sasa twaweza kulieleza jambo letu kwa utaratibu. Tuliwalisha samaki kupita haja yao. Walichokula kiligeuka amonia, na walichokiacha kilioza chini, kikatoa amonia nyingine na kula oksijeni. Katika bwawa lenye afya wamo vijidudu ambao huigeuza amonia kuwa chumvichumvi isiyo na ukali, nayo mimea huila. Lakini vijidudu vile nao wahitaji oksijeni na muda, na sisi kila siku tuliongeza mzigo. Maji yaligeuka kijani kwa uwani mdogo mdogo, tukafurahi tukidhani ni rutuba. Mchana uwani ule huyafanya maji kuwa na ukali wa magadi, na katika maji ya namna hiyo, khasa yakiwa na joto, amonia huzidi kuua. Usiku uwani hauleti oksijeni, bali huila, na kwa hivyo alfajiri ndiyo saa ya khatari. Mfereji tuliuziba. Samaki walipokuja juu kutweta, tukaongeza pumba.

Utupa huua siku ile ile. Hautumi salamu kwa siku saba. Salamu tuliletewa, na hatukuisoma.

Mzee yule alituonyesha alivyofanya yeye katika nchi isiyo na maji. Hufuga wachache. Huwalisha kidogo, akatazama, na kisichokwisha kwa muda mfupi hukipunguza siku ya pili. Kambale huwapendelea kuliko perege, kwa kuwa kambale aweza kuvuta hewa juu ya maji na huistahimili amonia kuliko samaki wengi. Na maji ya chini ya bwawa, yale yaliyochafuka, huyatoa kidogo kidogo akayapeleka katika mchicha na migomba, akaingiza maji mapya kwa kadiri aliyonayo. "Samaki ananilimia," alisema. Kile kilichoua samaki wetu, kwake ni mbolea.

Basi kamati imekubali mambo haya, na tunayaleta mbele ya wanachama katika mkutano mkuu. Kwanza, bwawa litatiwa samaki tena, nusu ya idadi ya kwanza. Pili, mfereji wa kutokea utafunguliwa na kuwekwa wavu, na maji yake yataelekezwa kwenye migomba iliyo chini. Tatu, chakula kitakuwa kwa kipimo, wala hapana mtu atakayeongeza kwa huruma. Nne, mlinzi akileta khabari ya alfajiri, khabari hiyo itaandikwa kitabuni na kufanyiwa kazi siku ile ile.

La tano si la samaki. Baada ya kurudi tulikwenda, Mwenyekiti na sisi, nyumbani kwa wazee wa yule kijana. Tulikaa barazani tukasema tuliyoyaona Dodoma, na tukataka radhi. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu alipita pale kwa sababu ndiyo njia ya kwao." Hatukuwa na la kujibu. Ujira wa msimu alioukosa utalipwa katika mfuko wa chama, wanachama wakiridhia, na sisi tunawaomba waridhie. Kijana mwenyewe ameulizwa kama atapenda kuliangalia bwawa jipya pamoja na mlinzi. Amesema atafikiri.

Uamuzi wa zamani umefutwa katika kitabu cha kumbukumbu, kwa mkono ule ule uliouandika.